Nina dola 700, watoto watatu na kuta nyembamba: ninunue bastola gani?

Wataalamu, salamu kwenu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Houston, Texas, kwenye apatimenti ya chini kabisa. Wa kwanza ana miaka 15, wa pili 9, kitindamimba 4. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Wiki nyingi analala nje siku nne au tano, na akirudi huwa ni usiku wa manane. Mwezi uliopita jirani wa mlango wa tatu alivunjiwa nyumba watu wakiwa wamelala. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Tumekubaliana tununue bastola na tumetenga dola 700. Sijawahi kushika silaha maishani. Dukani muuzaji alinitolea kibastola cha rangi ya waridi cha risasi za ukubwa wa .380, akasema hicho ndicho cha akina mama, chepesi, kinaingia kwenye mkoba. Nilishindwa hata kuvuta kile kipande cha juu. Mwenzangu kazini anasema ninunue Glock mpya pesa iishe. Shemeji yangu, ambaye ni raia, anasema nimpe pesa aninunulie kwa jina lake, kwa kuwa mimi nina grini kadi tu na watanisumbua. Mikono yangu ni midogo, na kuta za hapa ni nyembamba hadi namsikia jirani akikohoa. Nichukue ipi, na nianzie wapi?

Mama Watatu, Houston

JIBU

Dada yetu, pole kwa hizo siku za kukesha. Tuanze na shauri la shemeji, maana hilo linaweza kukuharibia maisha kabla bastola haijafika nyumbani. Usikubali. Duka lenye leseni humjazisha mnunuzi Fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, na humo kuna swali: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Shemeji akijibu ndiyo ilhali pesa ni yako, amedanganya kwa maandishi, na kifungo kinaweza kufika miaka 10. Wengi hudhani hilo ni kosa pale tu anayenunuliwa anapokuwa amekatazwa kumiliki silaha. Sivyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, aliyemnunulia mjomba wake Glock kwa pesa za huyo mjomba. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki, na bado hatia ikabaki palepale. Kwako kuna la ziada: kwa mwenye grini kadi, kupatikana na hatia ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini.

Tena huhitaji jina la mtu. Mkazi wa kudumu mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kununua bastola dukani, na Texas haidai kibali cha kununulia. Nenda na leseni ya udereva yenye anwani unayoishi sasa. Kama ulihama ukaacha anwani ya zamani, rekebisha kwanza, maana wengi hurudishwa kwa hilo. Beba na grini kadi, kwa sababu fomu inataka namba yako ya uhamiaji, ile inayoanza na A. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kadi, kwa mpangilio uleule. Majina yetu matatu matatu yakiandikwa hivi leo na vile kesho, ukaguzi wa FBI wa rekodi yako hukwama. Mara nyingi jibu hutoka kwa dakika chache. Likichelewa, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukukabidhi baada ya siku tatu za kazi kama hakuna zuio lililokuja. Na penye swali la uraia andika uraia wako wa kweli. Kudai uraia wa Marekani usio nao ni kosa la uhamiaji peke yake, hata kama hukutoka na kitu dukani.

Kwa wasomaji wengine: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, na asiye na karatasi amekatazwa kabisa. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake pia amekatazwa, hata kama kosa lilihesabiwa dogo. Kama mume ana hukumu ya aina hiyo, silaha isiingie nyumbani kabla ya kuzungumza na mwanasheria, kwa kuwa bastola anayoweza kuifikia inaweza kuhesabiwa kuwa mikononi mwake.

Sasa pesa. Dola 700 zinatosha, ila si za bastola peke yake. Bastola ya dola 300 hivi, na kodi ya Houston ya asilimia 8.25, inafika 325. Sefu ndogo ya kufunguka haraka, 100. Risasi 200 za mazoezi, 60. Risasi 50 za kujilinda, 40. Vifunika masikio na miwani, 35. Darasa la wanaoanza, 100. Jumla 660. Arobaini zinazobaki gawa hivi: 30 za kukodi bastola za kujaribu kwenye uwanja wa shabaha, na 10 za skrubu.

Ndiyo, skrubu. Fungua kile kibati cha chuma kwenye fremu ya mlango kinachopokea komeo. Mara nyingi utakuta skrubu fupi, hazifiki hata inchi moja, zimeshika ubao laini wa fremu tu. Teke moja au mawili, mlango umefunguka. Weka skrubu za inchi 3 zinazopita fremu hadi kwenye nguzo ya ukuta, hapo na kwenye bawaba, ukimwomba mwenye nyumba ruhusa. Ni kazi ya nusu saa, na inakununulia sekunde ambazo bastola haiwezi kukupa: za kuamka, kukusanya watoto na kupiga simu.

Kile kibastola cha waridi kiache hukohuko. Muuzaji alikutazama wewe, hakuitazama kazi. Bastola ndogo imeundwa ifichike mfukoni. Ikiwa na gramu 270 au 300, teke lote la risasi linaingia kwenye kiganja. Mpini unashikwa na vidole viwili, cha tatu kinaning'inia. Na katika nyingi za namna hiyo slaidi, yaani hicho kipande cha juu, ni fupi na springi yake ni ngumu, ndiyo maana ulishindwa. Mtu huyohuyo mara nyingi huvuta bila shida slaidi ya bastola kubwa zaidi. Ya nyumbani haina haja ya kufichika. Chukua ya milimita 9, mtutu wa inchi 4 hivi, uzito wa gramu 600 hadi 720. Uzito huo ni rafiki yako.

Kwenye bei yako kuna tatu za kuaminika. Ruger Security-9 ina risasi 15, nyundo ya kufyatulia iliyofichwa ndani, na toleo la kawaida lina kitufe cha usalama. Taurus G3 hubeba 15 au 17, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Smith & Wesson SD9 2.0 hubeba 16 na haina kitufe cha usalama cha nje. Triga yake, yaani kifyatulio, imelainishwa kuliko ile ya SD9 VE ya zamani, iliyokuwa nzito mno kwa vidole vya anayeanza. Ya nne ni kwa ajili ya mikono yako: Smith & Wesson Shield EZ ya milimita 9. Inabeba risasi 8 tu, lakini slaidi yake imeundwa kuvutwa kirahisi, na magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, ina vishikio vya pembeni vya kushusha springi unapojaza. Bei yake huzidi 400, kwa hiyo bajeti itavuka kidogo. Sisi tungekuanzishia Security-9, na ukishindwa kuivuta kwa njia tutakayoeleza, tungehamia EZ bila kusitasita.

Glock 19 ni bastola nzuri, mwenzako hakukosea. Ila ikiwa mpya inameza zaidi ya dola 500, na utabaki huna sefu, huna mafunzo. Zipo zilizotumika na polisi zikauzwa tena, bei nafuu na bado imara. Ukiikuta Glock 17 ya namna hiyo, ichunguze. Glock 22 ya .40 iache, teke lake ni kali kwa anayejifunza. Iliyokwisha kutumika ina masharti mengine pia. Shield EZ ya milimita 9 iliyotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020 iliitwa irudi kiwandani kwa kasoro ya nyundo, kwa hiyo hakiki namba yake. Taurus za zamani za PT-111 Millennium na PT-24/7 zilihusika katika kesi kubwa ya madai kuwa hufyatuka zikianguka, hizo zipite.

Utasikia pia ushauri wa rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, kwamba ni rahisi. Kuitumia ni rahisi, kulenga nayo ni kugumu. Triga yake huhitaji nguvu ya karibu kilo 5, na ile nyepesi ya mtutu mfupi hupiga mkono vibaya sana.

Namna ya kupima mkononi: mwombe muuzaji aifungue, akuonyeshe kwamba chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na magazini ni tupu, kisha hakikisha mwenyewe kwa macho na kidole. Ishike mpini ukiwa umekaa sawa na mfupa wa mkono wako wa mbele. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuzungusha mkono. Ikikulazimu kuzungusha, mpini ni mnene kwako, na kila risasi itakwenda pembeni. Kuhusu slaidi, wengi huibana kwa kidole gumba na cha shahada kama anayevuta manati, na vidole viwili havina nguvu hiyo. Leta bastola karibu na kifua, mdomo ukielekea mbele kwenye usalama, si kwa mtu wa pembeni. Funika slaidi kwa kiganja chote cha mkono wa kushoto, kisha usukume mpini mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukivuta nyuma. Iachie ghafla. Ukiisindikiza polepole kwa huruma, risasi haikai vizuri chembani na bastola haitalia.

Suala la kuta ni zito na hatutaki kukupoza. Kuta za ndani za apatimenti ni bodi mbili za jipsamu zenye uwazi katikati, na risasi yoyote ya kumzuia mtu itazipita. Risasi za mazoezi, zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, hupita kuta kadhaa na bado zina nguvu. Zenye tundu kichwani hupanuka zinapoingia mwilini na kusimama mapema, kwa hiyo za nyumbani ni hizo: Federal HST au Speer Gold Dot za greni 124 (kipimo cha uzito wa risasi) zinatosha. Lakini tundu likijaa vumbi la jipsamu wakati mwingine risasi haipanuki. Hivyo risasi peke yake haikulindi dhidi ya kumpiga jirani. Simama mchana kwenye chumba utakachojifungia, nyoosha kidole kuelekea mlangoni, ujiulize nyuma ya mlango kuna nini: kitanda cha mtoto wa miaka 9? Sebule ya jirani? Tafuta kona ambayo mstari huo unaangukia ukuta wa matofali au mahali pasipolala mtu. Kama haipo, hamisheni vitanda.

Darasani utajifunza zile kanuni nne: kila silaha ihesabiwe ina risasi, mdomo usielekezwe kwa usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umeamua kupiga, ujue unacholenga na kilichopo nyuma yake. Vaa nguo iliyofunga shingoni na kofia yenye ukingo. Maganda hutoka ya moto, na likitumbukia kifuani mtu huruka na bastola mkononi. Ndani ya ukumbi vaa vizibo vya masikio na vifunika juu yake. Ukiwa mjamzito, ahirisha, kwa sababu ya kelele na ya moshi wa risasi wenye madini ya risasi. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

Bastola mpya hutoka kiwandani na grisi ya kuhifadhia. Ifute, weka tone moja moja la mafuta kwenye reli za slaidi, ndipo upige. Risasi zikienda chini kushoto, nawe unatumia mkono wa kulia, unanyakua triga. Ibonyeze taratibu kama unayekamua ndimu. Ganda likikwama mdomoni mwa chemba, mara nyingi kiwiko na kifundo cha mkono vimelegea na slaidi imekosa pa kuegemea. Ikilia "kli" bila risasi kutoka, gonga kitako cha magazini kwa nguvu, vuta slaidi, endelea; mara nyingi magazini haikuingia hadi mwisho. Kidole gumba cha kushoto kisikae nyuma ya slaidi hata siku moja, utachanika. Piga zile 200 kwa safari mbili au tatu, si siku moja, kisha risasi kama 30 za kujilinda. Andika 1 na 2 kwenye magazini zako. Ikikwama, utajua kama kosa ni la bastola au la magazini moja. Bastola isiyomaliza hizo bila kukwama usiiweke kando ya kitanda.

Tufike kwa watoto, na hapa tunakusihi. Mtoto wa miaka 4 atafungua droo, ila wa miaka 15 ndiye wa kuhofiwa zaidi. Anajua unapoficha zawadi, anajua namba ya simu yako, anajua siku za kuzaliwa za wote. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Sefu iwe ya chuma, ifungwe kwa boliti au kwa waya wake kwenye fremu ya kitanda, kwa sababu sefu inayobebeka inafunguliwa kwa bisibisi chumbani kwa mtu mwingine. Namba ya siri isitokane na tarehe yoyote ya familia. Kama ni ya betri, badilisha betri kila mwaka, na ufunguo wa dharura usikae nyumba moja na sefu bila kufungiwa nao. Kufuli ya waya inayokuja na bastola itumie unapoisafirisha. Sheria ya Texas inakuwajibisha ukiacha silaha yenye risasi ifikiwe na mtoto wa chini ya miaka 17, kwa hiyo wako wote watatu wamo.

Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha Marekani ni vya watu waliojiua. Kama mtoto wako mkubwa amejitenga, halali, au anazungumza kama aliyechoka kuishi, bastola isinunuliwe sasa. Na kama ipo, itoke nyumbani leo ikahifadhiwe na mtu mnayemwamini anayeruhusiwa kisheria. Namba 988, ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, hupokea simu saa 24. Hilo linamhusu pia mzazi.

Ndani ya sefu, kwa anayeanza, tunapendelea magazini iwe mahali pake na chemba iwe tupu. Inakugharimu sekunde moja ya kuvuta slaidi. Ukishapiga mamia ya risasi na mikono ikazoea, utaamua upya.

Na usiku wenyewe ukifika, usitoke kwenda kukagua sebule. Wakusanye watoto chumba kimoja, funga mlango, piga 911, sema "Swahili" ukihitaji mkalimani, taja anwani na namba ya apatimenti, sema una silaha na umevaa nini. Acha simu wazi. Sheria ya Texas inamlinda anayejitetea dhidi ya aliyevunja na kuingia kwa nguvu nyumba yenye watu, lakini haikuagizi umfuate mtu anayekimbia na televisheni. Polisi wakifika, bastola irudi kwenye sefu au ilale chini, mikono iwe mitupu.

Kabla ya kufyatua ni lazima umwone mtu usoni. Nunua tochi ya mkononi ya dola 20, nje ya ile hesabu ya 700, ikae kando ya sefu. Maana anayeelekea kufungua mlango wako saa tisa usiku kuliko mwizi yeyote ni mume wako. Kubalianeni leo: asiingie kabla ya kupiga simu kutoka kwenye maegesho na wewe kupokea. Usipopokea, apige tena, abishe, aite jina lako kwa sauti akiwa nje. Hata kama amechoka, hata kama mvua inanyesha.